Fahali Wawili wa Udongo

Mume wangu aliporudi kutoka vita vya Burma alileta koti la jeshi, kovu begani na mchezo mmoja wa kupigana. Koti na kovu sikuvipenda. Mchezo niliupenda.

Tulichora miraba chini, nyuma ya nyumba yetu kule upande wa Masumbwe. Askari wangu punje za mahindi, wake kunde. Anasogeza mmoja, nami nasogeza mmoja. Wakikutana, kila mtu anarusha simbi zake, vile vikombe vidogo vya pwani, na mwenye nyingi zilizolala chali ndiye anayeshinda.

"Mchezo wa kitoto huu," nikamwambia. "Punje haina mbele wala nyuma. Nani anamwendea fahali penye pembe?"

Nikachukua udongo wangu wa vyungu, nikafinyanga fahali wadogo, kila mmoja na pembe zake na mkia. Sheria nikatunga mwenyewe: ukimvamia kwa mbele, mnarusha sawa kwa sawa. Ukimjia ubavuni, unaongezewa simbi moja. Ukimfikia mgongoni, amekwisha, hakuna cha kurusha. Na kumgeuza fahali kunakula zamu nzima.

"Lo! Nimeoa jenerali," akasema, akacheka. Tangu arudi nilikuwa sijamsikia akicheka, nikainama kuokota simbi asije akaona machozi yangu.

Wakati huohuo nyumba ilikuwa inawaka ugomvi. Kwetu jioni wanaume hula pamoja shikome, wakizunguka moto wa uani. Mume wangu hakai. Anachukua ugali wake, anakwenda kuegemea ukuta wa ghala, anakula peke yake. Baba mkwe alisema vita vimemfundisha mwanawe dharau. Halafu akamtuma mama mkwe kwetu na neno: asiyetaka kula naye, mavuno yakiisha atafute pengine pa kujenga. Nikamuuliza mume wangu kulikoni, akainuka kwenda kuwafungia ng'ombe.

Mchezoni nako akawa hachezeki. Tangu fahali wapate migongo, aliwabana wote ukingoni mwa miraba, makalio nje, pembe kwangu, wala hasogei.

"Jeshi gani hili?" nikamchokoza. "Kuku wanaotamia!"

Hakucheka. Akamwinua fahali mmoja, akamgeuza mgongo kwangu, ndipo akasema. Kule msituni alikuwa na rafiki yake, kijana wa Ushirombo. Wote wawili walitazama mbele, ndiko walikoambiwa adui yuko. Adui akatokea nyuma. Yule rafiki alimfia mapajani.

"Pale shikome moto uko mbele," akasema. "Nyuma yangu kuna giza. Chakula hakipiti, mke wangu. Nitamwambiaje baba kwamba naogopa?"

Jamani, niliumia. Mwanamume mzima, nami nilikuwa namwita kuku.

Mkwe wa kike kwetu hamkabili baba mkwe kwa maneno, kwa hiyo nilikwenda jikoni kwa mama mkwe na fahali wawili. Nikampigia magoti, nikamweleza yote. Kisha nikawasimamisha wale fahali kiganjani mwake, mkia kwa mkia.

"Hivi hawauliki, mayu," nikasema.

Akawatazama. "Na mimi nilidhani ni majivuno," akasema, akawafunga kwenye pindo la kanga yake, akaenda kumtafuta mzee.

Jioni ya kesho yake nilikuwa napakua ugali nikasikia baba mkwe akiita, "Wewe, njoo shikome." Mume wangu akatoka ghalani taratibu, akaonyeshwa kigoda mbele ya moto. Akakaa, mabega juu, bila kugusa chakula. Mzee akainuka, akabeba kigoda chake, akakiweka nyuma ya mwanawe. Akaketi akiutazama uzio wa ng'ombe na giza, mgongo wake umegusa mgongo wa mwanawe.

"Kula, baba," akasema. "Huku nipo mimi."

Mume wangu akanyoosha mkono, akamega tonge. Ilikuwa miezi ya baridi, na upande wa mzee moto haufiki. Alijifunika blanketi, akaomba apelekewe ugali wake hukohuko.