Jiwe Lililojifukia

Jirani yangu wa kibandani, yule muuza mapambo ya pwani, ana vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kila asubuhi huwapanga viti vya pweza, wale nyota wa baharini, kwenye sinia la mchanga mbichi, rangi yao kama mchanga wenyewe, mikono mitano yenye vijimwiba pembeni kama meno ya kitana. Mmoja akikunja mkono, humnyoosha kwa dole gumba huku akiimba puani.

Jana mteja akamchagua mmoja, akauliza, "Mama, huyu si yu hai?"

"Hai wapi, mwanangu! Jiwe tu hilo, bahari imelichonga."

Mteja akainama kutafuta pochi. Kuinuka, nyota yake haipo. Jirani akanikazia macho mimi, akapiga kelele soko zima lisikie: "Mwizi!"

Mimi! Nikamwonyesha mchanga: alama ya nyota, bado inatikisika. Jiwe lake limejifukia lenyewe. Unadhani aliniomba radhi? Thubutu! Alimfukua kwa kucha, akampangusa kwenye gauni, akamlaza juu ya bati lililochomwa na jua.

"Rudi jioni, mwanangu," akamwambia mteja. "Litakuwa limeshatulia."