Mfalme Aliyefukua Maiti

Biashara ya nje ilipofunguliwa miaka ya themanini na mitumba kujaa soko la Majengo, nilinunua hapo kitabu cha kale cha Kiingereza, chenye jalada la ngozi, kuhusu mfalme wa Ulaya aliyerudishwa kwenye kiti chake. Jioni nikamsomea bibi kwa Kiswahili. Mfalme karudi, watu wanashangilia. Kisha anaamuru adui yake, aliyekwisha kuzikwa, afukuliwe, maiti inyongwe, kichwa kikatwe na kutundikwa juu ya mti. Na mwandishi, firauni yule, anasimulia kana kwamba ni harusi!

Bibi akatema mate. Baba yake alinyongwa na wazungu hapahapa Songea wakati wa Vita vya Maji Maji, wakamkata kichwa wakaondoka nacho, akazikwa bila kichwa.

“Nilidhani walitufanyia vile kwa sababu sisi ni weusi,” akasema. “Kumbe ndivyo walivyo.”

Kitabu nilikitumbukiza chooni, ngozi na yote.