Nimebadilisha shokapu za mbele, gari ikainua pua na mama akagoma kupanda

Wakuu, heshima kwenu wote, wenye magari na wasio nayo. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Mwanza, siongezi chumvi wala sipunguzi. Hasira bado ninayo, kwa hiyo mnivumilie.

Bi mkubwa wangu, mama mzazi, anaishi Kisesa. Alianguka akavunjika nyonga, akafanyiwa operesheni, na sasa kila Jumanne anatakiwa mazoezi ya viungo mjini. Mtaalamu alituonya kabisa kwamba akikosakosa, mguu utakakamaa.

Dereva wake ni mimi, na kagari kangu kadogo ka zamani. Mbele kalikuwa kanagonga mpaka kila shimo mama anafumba macho. Nikasema nibadilishe kila kitu: shokapu, springi, na arm zote mbili zinazoshika tairi, pamoja na bush zake.

Nikaiacha gari kwa fundi Igoma, nikaenda kazini. Mchana akapiga simu.

"Bosi, tuinyanyue kidogo?"

Nilikuwa nahudumia mteja. Nikamjibu fanya unavyoona. Hilo jibu mlikumbuke.

Jioni nafuata gari nakuta pua inaangalia mawinguni. Zamani kati ya tairi na bodi vilikuwa vinaingia vidole vitatu. Sasa ngumi inaingia na nafasi inabaki. Fundi kaweka spacer, vipande vya kuinulia, juu ya shokapu, na anatabasamu kabisa. Kwa mafundi wetu, na barabara zetu hizi, mteja asiyetaka gari yake inyanyuliwe bado hajazaliwa.

Jumanne nikaenda Kisesa. Mama akaja na fimbo yake mpaka mlangoni, akaangalia kiti, akaniangalia na mimi.

"Mwanangu, kitanda cha juu cha deka nililala nikiwa shuleni. Sasa hivi sikiwezi."

Nikambeba, majirani wanaangalia. Huyu ni mama aliyelima peke yake akatusomesha watano, leo anaingizwa kwenye gari kama gunia. Tuliporudi akasema haendi tena. Iliniuma sana wakuu.

Kesho yake Igoma. Spacer zikatolewa. Gari ikashuka kidogo tu, ikabaki juu na ngumu kama mkokoteni. Fundi akasema springi ni mpya, zitajikalia zenyewe, we zunguka nayo tu.

Nikazunguka. Igoma, Buhongwa, Kisesa, wiki nzima kama mgombea udiwani. Haikushuka. Jumanne ya pili mama hakwenda mazoezi.

Nikarudi tena. Safari hii fundi kaja na grinder, anataka kukata springi mzunguko mmoja. Springi mpya wakuu, hazina hata wiki mbili. Nikachukua ufunguo wangu nikaondoka bila kuaga.

Nikaenda Nyegezi kwa dada mmoja wa wheel alignment. Nilitaka anipimie mkao wa tairi tu, akakataa, akasema gari ikisimama hivi vipimo vitadanganya. Akaniuliza swali moja: bolt za arm zilikazwa gari ikiwa imekanyaga chini au ikiwa kwenye jeki?

Nikampigia fundi. Akajibu, "Kwenye jeki. Kwani watu wanakaziaga wapi?"

Dada akacheka, mimi sikucheka. Akanieleza kwamba ile bush ni raba. Ukiikaza tairi likiwa linaning'inia, raba inashikilia pale pale. Ukiishusha gari, raba inajisokota na kuisukuma bodi juu, ndiyo maana ilikuwa juu na ngumu.

Akaisimamisha juu ya shimo lake la kufanyia kazi, tairi zote zimekanyaga, akaingia chini akalegeza bolt. Gari ikashuka naiona kwa macho yangu. Akaitikisa mara kadhaa ikae, ndipo akakaza. Nikapima, vidole vitatu. Hata soda niliyoagiza nilikuwa sijaimaliza.

Jumanne iliyofuata nilimwomba mama aje ajaribu tu. Akashika mlango, akakaa, akaingiza mguu mzima, halafu ule mbovu, mwenyewe. Mimi nimesimama pembeni mikono mbele tayari kubeba. Akaniuliza nasubiri nini, tutachelewa.

Njiani nikamsimulia yote, namponda fundi kuanzia spacer mpaka grinder. Alinisikiliza mpaka tunapita Igoma, pale pale kwa fundi.

"Lakini yeye si alikuuliza?"

Nikaongeza mwendo.

Kwa hiyo wakuu, kabla hamjabadilisha chochote cha mbele, pimeni urefu wa gari kwanza, hata kwa vidole. Simameni pale bush zikikazwa, na gari iwe imekanyaga chini. Na simu ya fundi usiipokee huku unafanya kitu kingine.

Wewe ulipoulizwa "tuinyanyue kidogo?" ulijibu nini? Semeni ukweli, nisionekane mjinga peke yangu humu.