Dakika Kumi Kila Asubuhi

Mke wangu alikuwa na gari, na mimi nilikuwa na mke. Hivyo ndivyo watu wa mtaani kwetu Ifakara walivyopenda kueleza mambo yetu, na sikuona sababu ya kuwasahihisha, ingawa kusahihisha ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alinunua mpunga Mngeta na vijiji vya kule, akauleta mashineni kukoboa, akauza mchele. Aliendesha mwenyewe. Siku za likizo nilikaa kiti cha kushoto nikiwa nimepakata chupa ya chai.

Gari lenyewe ni la fowili, linalosukumwa na magurudumu yote manne, tena la petroli. Wenye magari ya dizeli walimcheka. Walimwambia petroli itamfilisi, na kwamba injini ya petroli haina maisha, ni jiko tu lililofungiwa magurudumu. Wengi wao walikwishabadilisha injini mara mbili, na ya kwake ilikuwa ile ile iliyokuja na gari. Mita ilikuwa imepita kilomita laki nne. Mtu akimuuliza injini ya petroli inadumu muda gani, alijibu kwamba haifi kwa uzee, inauawa na mwenyewe. Alibadilisha oili kila kilomita elfu tano, hata mvua ya mawe inyeshe. Filta ya hewa aliipuliza kila alipotoka kwenye vumbi la Mngeta. Wakati wa masika, akirudi na tope hadi madirishani, hakuoga kabla hajaangalia maji ya rejeta. Wanaume walitaka siri, naye aliwatajia mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyafanya, wakaondoka wakiamini amewaficha.

Mimi niliendesha mara moja tu. Niliingia kwenye mfereji mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wangu. Mke wangu alishuka, akazunguka upande wangu, akachukua ufunguo. Nami sikuuomba tena.

Alifariki mwaka jana wakati wa masika, baada ya kuumwa miezi mitano. Siku chache kabla alinipa agizo moja kuhusu gari. Alisema, “Liuze likiwa zima. Mpe mtu atakayelitumia.” Nilimjibu sawa. Katika mambo yote yaliyosemwa siku zile, hilo ndilo nililolishika, kwa sababu lilikuwa kazi, na mimi kazi naijua.

Kuhusu msiba wenyewe sina mengi. Ndugu zake walitoka upande wa Mahenge, wakalia, wakaimba, wakapika. Nilikaa kwenye kiti cha kuazima nikitazama viti vingine vya kuazima. Baada ya misa ya arobaini watu waliondoka na sikuona tofauti. Nilikula nilipowekewa chakula. Usingizi ulikuja kwa wakati wake. Mtu akiniuliza hali nilisema nzuri, na sikuwa nadanganya sana, kwa kuwa sikuwa na hali yoyote. Nilisubiri huzuni kama mtu anavyosubiri mafua baada ya kulowa, nayo haikuja.

Nikaanza kulitunza gari. Huku kwetu gari likiegeshwa muda mrefu, mwenyewe akiwa mgonjwa au yuko mbali, mtu wa nyumbani huliwasha kila asubuhi ili lisilale. Wake wanafanya hivyo, walinzi wa nyumba za watu wanafanya hivyo, na mimi nikafanya. Saa kumi na mbili na nusu nilifungua mlango wa gari, nikawasha, nikaliacha lingurume pale pale uani dakika kumi kwa saa ya mkononi, nikazima. Sikulisogeza hata hatua moja. Nilitafuta daftari, nikachora mistari ya mahudhurio kama nilivyozoea darasani, na kila asubuhi niliweka alama ya vema. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuhudhuria vizuri kuliko gari lile.

Kila Jumamosi nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena, kama nilivyomwona yeye akifanya. Mikononi mwake oili ilikuwa ikipungua kidogo kidogo, naye akiongeza. Mikononi mwangu haikupungua. Baada ya miezi kadhaa niliona imepanda juu ya alama. Nililiandika hilo daftarini na kulipigia mstari. Niliona nimefanya jambo hata yeye hakuwahi kulifanya, na kama katika mwaka ule kulikuwa na kitu cha karibu na furaha, kilikuwa hicho.

Mnunuzi alikuja mwaka huu baada ya mavuno. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia huku bondeni kwetu na ng'ombe, yeye sasa analima mpunga zaidi kuliko anavyofuga. Mke wangu alikuwa akinunua mpunga wake kwa miaka mingi. Alitaka gari la kubebea magunia, na la kuwatoa wagonjwa kijijini barabara ikiharibika. Nikasema moyoni kwamba huyu ndiye mtu wa lile agizo. Alikuja na fundi wa hapa hapa mjini, mtu wa makamo mwenye mvi kidevuni, ambaye alimfahamu mke wangu vizuri kwa sababu walikuwa wakibishana kila mwezi kuhusu nani kati yao ni fundi.

“Shikamoo, Mwalimu,” wakasema wote wawili.

“Marahaba. Gari liko tayari,” nikasema, na nikawapa daftari kabla ya kuwapa ufunguo.

Yule bwana alilipekua kwa heshima, ukurasa baada ya ukurasa. Fundi hakulitazama. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakiangalia, kisha akakisogeza puani. Akanusa mara mbili. Akafungua kifuniko cha oili, akaingiza kidole, kikatoka na uji mweupe kama wa mtoto.

“Mwalimu, gari hili lilikuwa linakwenda wapi?”

“Haliendi popote. Naliwasha kila siku, dakika kumi. Na oili ukiangalia imeongezeka.”

“Oili haizai, Mwalimu,” alisema fundi, na hakucheka. “Hii ni petroli. Injini ikiwa ya baridi inavuta petroli nyingi, nyingine haiungui, inateremka chini kwenye oili. Na unyevu nao unakaa humo. Ukitembea mbali injini inapata moto, vyote vinakauka. Wewe ulikuwa unaizima kabla haijapata moto. Kila siku unaongeza kidogo.”

“Kila siku,” nikasema.

“Sasa oili imekuwa nyepesi kama maji. Haishiki chuma.”

Akawasha kidogo tu, na hapo nikasikia kitu ambacho kwa miezi sikukisikia ingawa nilikuwa nimesimama pale pale kila asubuhi. Injini ilikuwa inagonga. Ni sauti ndogo, kama mtu anayegonga kwa ukucha kwenye sufuria. Fundi akazima upesi.

Nilisimama na daftari langu. Agizo lilikuwa moja, nami nilikuwa nimeliharibu kwa bidii, bila kukosa hata siku moja. Nilijiona mjinga, na aibu ikanipanda hadi masikioni. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kitu chochote mwilini tangu masika yale, na sikukipenda. Nikamwambia yule bwana asilinunue. Nikamwambia nilipewa gari zima na nimelipoteza.

“Subiri, Mwalimu,” akasema. “Fundi, limekufa?”

Fundi akakuna kidevu. Akasema hajui. Akasema tumwage oili yote, tuweke mpya na filta mpya, kisha gari liendeshwe mpaka injini ipate moto wa kweli, si moto wa uani. Ikiendelea kugonga, basi, imekwisha. Ikinyamaza, ina miaka mingi mbele.

Ilichukua asubuhi nzima. Oili iliyotoka ilikuwa nyepesi na inanuka kama kituo cha mafuta. Kisha yule bwana akashika usukani, fundi akakaa nyuma akiinamia mbele ili asikie, na mimi nikaambiwa nipande. Nikakaa kiti cha kushoto. Tulishika barabara ya Kidatu.

Ikawa inagonga. Tulitoka mjini inagonga, tukapita mashamba yaliyokwisha kuvunwa inagonga. Kiberege tulipunguza mwendo kwa ajili ya watu wa gulioni, na kwa mwendo ule mdogo niliisikia wazi zaidi. Nilifumba macho. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya injini, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa ajili yangu. Baada ya Kiberege yule bwana alikanyaga mafuta. Milima ya Udzungwa ikawa karibu, mkono wa kushoto. Mshale wa joto ulikuwa umesimama katikati.

Karibu na Sanje fundi akanigusa bega. “Unasikia?”

“Sisikii kitu.”

“Ndiyo hivyo.”

Tukasimama kando ya barabara, palipo na meza za ndizi. Fundi akafungua boneti injini ikiwa inaunguruma, akainama, akaweka sikio karibu, akainuka anacheka. “Imenyamaza! Haikuwa mbovu, Mwalimu. Ilikuwa imekosa safari tu.” Yule bwana akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema analichukua leo leo. Nilipaswa kufurahi. Agizo lilikuwa limetimia.

Lakini nilikuwa namfikiria mke wangu katika mwezi wake wa mwisho, amekaa kwenye kochi na khanga mabegani. Aliniomba apelekwe Sanje. Alisema hataki kununua kitu, anataka kukaa mbele tu, asikie injini, aone mlima, arudi. Nilimwambia apumzike. Baada ya siku mbili akaomba tena, nikamwambia apumzike kwanza apate nguvu. Mara ya tatu hakuomba, na nilidhani amenielewa. Niliwaeleza hata majirani jinsi anavyopumzika vizuri.

Nikaangalia saa. Kutoka uani kwetu mpaka kwenye zile meza za ndizi tulitumia saa moja na dakika kumi. Dereva angepatikana. Fundi huyu angekuja kwa kuitwa tu, tena angekuja akikimbia. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, siku nzima ilikuwa yangu, na nilimnyima saa moja.