Swichi ya Oili na Mji Uliofungwa

Gari letu la mashindano liliua injini yake ya kwanza kwenye kona ndefu ya kushoto, katika nchi jirani, mimi nikiwa kwenye usukani. Nilisikia vyuma vikigongana chini ya miguu yangu kabla sijaiona taa ya oili. Ilipowaka, ile taa ndogo ya kiwandani, kazi ilikuwa imekwisha. Tuliporudi Bukavu, kaka yangu alifungua karteri, lile bakuli la chini la injini, akatia mkono na kutoa vipande vya chuma vinavyong'aa kama magamba ya sambaza, wale dagaa wa ziwa letu.

"Hii taa inatangazaka matanga," alisema. "Ugonjwa haitangazake."

Kaka yangu ni fundi wa magari. Namwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Mimi nauza dawa. Duka langu liko juu kidogo ya soko la Nyawera. Lakini mwenye kuendesha lile gari ni mimi. Yeye hulitengeneza, mimi huliendesha, na mama yetu huomba rozari mpaka turudi. Ndivyo tulivyoishi miaka kadhaa, na nilidhani ndivyo tutakavyoendelea.

Tulipata injini nyingine. Kabla hatujaifunga, mji ukafungwa. Nasema ulifungwa kwa kukosa neno lingine. Risasi zilipita, wenye amri wakabadilika, ndege zikaacha kutua, barabara ya kwenda uwanja wa ndege ikakatika, benki zikashusha milango yake ya chuma. Dawa zikapungua dukani hadi nikawa nafungua asubuhi ili tu watu waje kusikia kwamba hakuna. Magari mazuri yalichukuliwa na wenye bunduki, kwa hiyo letu tulilisukuma nyuma ya jiko, tukalifunika turubai, na juu ya turubai tukarundika kuni. Lango la parcelle yetu, kiwanja chetu chenye ukuta, likapigwa mnyororo. Toka hapo tulikuwa watatu, ukuta, na gari lisilo na pa kwenda.

Injini tuliifunga polepole, kwa siri. Siku moja, mvua ikipiga mabati, yaya aliinua pembe ya turubai akasema, "Tuchague manometa."

Alimaanisha saa ya kupimia presha ya oili. Nilimwona kama mtu aliyepungukiwa na akili. Kisha nikasogeza kiti. Hapakuwa na jambo lingine lolote lililokuwa likingojea uamuzi wetu.

Tulibishana wiki nzima. Yeye alitaka manometa ya zamani, ile ambayo bomba jembamba huleta oili yenyewe kutoka kwenye injini hadi mbele ya dereva.

"Ile haiombi kourani ya betri," alisema. "Huile yenyewe inasukuma mushale. Haiwezi kukudanganya."

"Na ile bomba, ile tuyo, ikipasuka, yaya? Huile ya moto itamwangika wapi? Ku magoti yangu."

"Haipasukake."

"Wewe hauko unakaa pale."

Alikwenda kukoroga uji wa mama. Aliporudi alikuwa amekubali manometa ya umeme, ambayo oili hubaki kwenye injini na waya tu ndio unaoingia ndani. Lakini aliniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwenye kona, dereva hatazami saa yoyote. Anatazama barabara. Manometa ni ya kutazama kwenye sehemu iliyonyooka. Kwenye kona unahitaji taa kubwa, nyekundu, mbele kabisa ya macho, na swichi inayoiwasha mapema, presha ikiwa bado ipo ya kuokoa injini. Swichi ya kiwandani husubiri mpaka presha iwe karibu na sifuri.

"Basi tuchukue ya kuwasha taa presha ikifika bar mbili," nilisema.

"Hapana. Motere ikipata moto na ukiwa umesimama, presha inashukaka chini ya mbili. Taa itawaka kila saa. Utaizoea, na siku ya kweli hautaiona."

Tukachagua ya bar moja na nusu. Nakumbuka furaha niliyoipata, furaha ndogo ya aibu, kama mtu aliyeruhusiwa kutembea kutoka kitandani hadi dirishani.

Nyawera hawakuwa nayo. Binamu yetu aliye ng'ambo ya mpaka aliipata swichi pamoja na manometa, nami nikavuka kwa miguu kuvichukua, katikati ya akina mama wenye mizigo ya nyanya. Kuvuka kulikuwa rahisi. Katika kurudi, nikiwa tayari ndani ya mji, kulikuwa na kizuizi ambacho asubuhi hakikuwapo. Kijana aliyekuwa na bunduki alifungua mfuko wangu.

"Maman, iko nini humu?"

"Pièce ya gari, kipuri."

"Gari gani?"

"Gari ya kukimbia."

Nilijua papo hapo kwamba nimekosea neno. Aliinua macho.

"Kukimbia kwenda wapi?"

"Hapana, ya mashindano. Ya course."

"Course iko wapi siku hizi?"

"Haiko."

"Sasa hii ni ya nini?"

Mkubwa wake alikuja, akageuza swichi ile ya shaba mkononi, akazivuta nyaya mbili za manometa, akasema kitu hiki kinaweza kulipua nyumba. Wakaniweka ndani ya kontena lililokuwa kando ya barabara. Halikufungwa kwa kufuli. Kijana alikaa tu mlangoni, magoti yake yakiziba mwanga. Niliketi juu ya gunia la chumvi. Bati la paa lilikuwa limechomwa na jua na hewa ilikuwa nzito, nami nilikuwa nikiwaza mama amekwisha kumeza kidonge chake au bado, na kwamba kama nisingerudi, yaya angekuja kunitafuta, nao wangemweka humu pia. Niliomba ruhusa ya kupiga simu. Kijana akasema, "Kaa kwanza." Nikakaa. Nilisikia moto-taksi zikipita, watu wakicheka, mwanamke akiita wateja wa ndizi, yote hayo hatua chache kutoka nilipokuwa.

Jua lilikuwa limeanza kulegea pale mkubwa alipomleta dereva wa pikapu yao, mzee mwenye kofia ya sufu.

"Angalia hii, papa. Unaijua?"

Mzee aliitazama swichi, akaigeuza mara moja. "Hii ni ya pression ya huile. Na ku gari yangu iko." Halafu akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini. "Maman, taa yangu inawaka-waka nikisimama. Ni sonde, ile swichi yake, imekufa?"

Pikapu ilikuwa ikinguruma nje. Nilisikia mlio mkavu juu ya injini, tik-tik-tik, ambao nisingependa kuusikia tena maishani.

"Zima kwanza, papa," nilimwambia. "Zima sasa hivi. Halafu vuta jauge."

Alizima, akavuta kijiti cha kupimia oili. Ncha yake ilikuwa kavu. Akamwonyesha mkubwa wake. Mkubwa hakunishukuru wala hakukasirika. Alinirudishia swichi. Manometa akaiweka chini ya kwapa.

"Ile nayo ni yangu, chef."

"Hii itabaki."

"Juu ya nini, sababu gani?"

"Inapima," alisema, na hilo ndilo lilikuwa jibu.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimeikaza swichi ndani ya ngumi. Yaya alifungua mnyororo, akanitazama uso, akanivuta ndani. Mama alinishika mikono yote miwili akainusa, sijui alikuwa akitafuta harufu gani.

Tukaifunga swichi bila manometa. Tundu lililokuwa limekatwa kwenye dashibodi tuliliziba kwa karatasi ya gundi. Yaya hakutaka kuining'iniza swichi kwenye injini kwa sababu mtikisiko huvunja vitu vizito, kwa hiyo aliipeleka kwa bomba laini la mpira mpaka ukutani mwa bodi, akaishikiza huko kwa mpira. Tulipogeuza ufunguo, taa haikuwaka. Injini ilikuwa imezimwa, presha hakuna, ilipaswa kuwaka. Kisha yaya akajipiga kichwa: kwenye mpira hakuna masi, umeme hauna njia ya kurudi. Akaongeza waya mmoja hadi kwenye chuma, na uso wangu ukawa mwekundu kwa mwanga wake. Aliwasha injini. Taa ikazimika. Tulisikiliza kwa muda mfupi sana, kwa sababu ya majirani, na kwa sababu sauti ile ingeweza kusikika barabarani.

Miezi ikapita. Nilikuwa naingia garini mchana, nafunga mkanda, nashika usukani, kisha nashuka. Mama alinikuta mara moja. Aliniletea mahindi ya kuchoma, nikayala mle ndani.

Jumapili moja, watu wakiwa misani na barabara zikiwa tupu, nilimwambia yaya aondoe kuni. Alitazama lango muda mrefu.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale itafika."

Aliondoa kuni. Mama hakukataa, alifanya tu ishara ya msalaba kuelekea kwenye boneti. Nilitoka taratibu, nikashuka kuelekea ziwani, na kwenye sehemu iliyonyooka nikakanyaga. Gari likaruka kama lilivyokuwa likiruka zamani. Nilipiga kelele peke yangu, sijui neno gani. Ikaja kona ya kushoto, niliingia kwa kasi niliyoikumbuka mwilini, na katikati yake taa ikawaka. Kubwa, nyekundu. Niliinua mguu. Ikazimika. Injini ilikuwa nzima.

Mbele kidogo ya kona kulikuwa na gogo lililolazwa barabarani na watu wawili wameketi juu yake. Mmoja alianza kusimama. Niligeuza gari hapo hapo, nikarudi nilikotoka kwa gia ya pili.

Yaya alikuwa amesimama nyuma ya lango lililoachwa wazi kidogo. Tulilisukuma gari hadi nyuma ya jiko, akafunga mnyororo, ndipo akauliza.

"Iliwaka?"

"Ndani ya kona. Nikaachilia, ikazima."

"Basi huile inakimbilia pembeni. Lazima tusudie, tuchomelee, kuta za kuizuia ndani ya karteri." Alikuwa amekwisha kulala chini ya gari. "Bukavu yote ni kona. Ulifika wapi?"

"Kwenye gogo."

Alinyoosha mkono kutoka chini ya gari, nami nikampa spana namba kumi na saba. Mama alileta beseni, nikaliweka chini ya injini, na oili ikaanza kumwagika, bado ya moto.