Aliyekuwa Akionja Kwanza

Mpaka leo nikiikumbuka Jumatano ile, mwanangu, nashika mdomo. Nimezika, nimeuguza, nimeona mengi hapa Akeri, lakini mshtuko kama ule sijaupata tena.

Nilikuwa mama kijana, watoto bado wadogo, na mume wangu Aminieli akijenga nyumba za watu huko Sombetini. Fundi hodari, ila pombe ilishamzidi nguvu. Siku moja alianguka kutoka juu ya ukuta akiwa amelewa, na daktari aliyemtibu hakumung'unya maneno: ini lako linaharibika, ukiendelea utawaacha wanao yatima. Nesi akanivuta pembeni, akanielekeza Sekei, chumba kimoja nyuma ya kanisa, ambako walevi wanaotaka kuacha hukutana kila Jumatano mchana. Hakuna kiingilio wala mahubiri, akasema, wanasaidiana tu.

Kumshawishi Aminieli kulinichosha kuliko kupanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba mama yake asijue. Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa heshima zake, na tuliishi naye. Tulidhani aibu ingemuua. Bahati nzuri, kila Jumatano alishuka mjini, kliniki ya presha. Basi siku hiyo tukamngoja aondoke, tukamtakia safari njema kwa nyuso za watakatifu, kisha tukatoka nyuma yake kama wezi wa kuku.

Nikueleze kwanza desturi yetu. Kwetu mbege, pombe yetu ya ndizi, haimfikii mgeni kabla aliyeipika hajaionja mbele ya watu, ionekane haina sumu. Na kwa kupika mbege hakuna aliyemfikia mama. Harusi, mahari, kipaimara, ukoo mzima ulimwita yeye. Kila mara mimi mkwe wake ndiye niliyemkabidhi kata ya kibuyu ya kunywea, naye akaonja, na vigelegele vikapigwa. Mwanamume akinywa tulimwita mlevi. Mama alikuwa akionja tu.

Tulipofika Sekei, Aminieli alisimama mlangoni akitetemeka, nikamsukuma kidogo mgongoni. Ndani watu walikaa kwenye mabenchi, wakimsikiliza mwanamke aliyesimama akitupa mgongo.

"Mimi ni mlevi," alikuwa akisema. "Mwanangu anakufa kwa pombe nikimwona, na siwezi kumkanya, maana tunaumwa ugonjwa mmoja."

Khanga aliyovaa niliifua mimi mwenyewe jana yake. Nilishika mdomo, mwanangu. Aminieli naye, maskini, malezi yakamtangulia akili.

"Shikamoo, mama."

Mama akageuka. "Marahaba," akaitikia kwa mazoea, kisha akaziba uso kwa khanga. Hakuna aliyecheka.

Aminieli akaanza kurudi nyuma. Nilijua akitoka pale leo hatarudi tena, na mimi nitavaa nguo nyeusi kabla ya wakati wangu. Kwa hofu nikamgeukia mama kana kwamba kosa ni lake: "Mama, kwa nini hukutuambia?"

Akashusha khanga, akanitazama machoni. "Mumeo umemtafutia kikundi. Mimi alinitafutia nani? Kata unanipa wewe kwa mikono yako miwili. Umewahi kuniuliza kama naitaka?"

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mama tulikijaza sisi, tukishangilia. Nililia mbele ya watu nisiowajua.

Mama akaketi. Kisha akasogea kwenye benchi, akapapasa ile nafasi iliyobaki pembeni yake. "Njoo ukae, Aminieli." Mume wangu akaja, akakaa.

Tangu hapo walishuka pamoja. Usidhani ilikuwa rahisi. Aminieli aliteleza, mama akamfuata kilabuni akamtoa. Mama naye aliteleza, Aminieli akamkokota Sekei akinuka vilevile, wakampokea. Kisha ikaja harusi ya shemeji yangu. Wageni wamejaa, mtungi umefunuliwa, watu wanamtazama mama. Safari hii kata sikumpa. Akasimama mwenyewe, akasema, "Mimi ni mgonjwa wa pombe, sionji tena. Anayeogopa sumu, kwangu sumu ndiyo hiyo hiyo." Wazee walipigwa na butwaa! Mmoja wao, aliyekuwa na kibuyu chake tayari mkononi, alimfuata mama jikoni baadaye, akamwuliza kwa sauti ndogo hiyo kliniki yake ya presha ya kila Jumatano iko mtaa gani.

Yanayosemwa kwenye chumba kile hubaki mle. Haya ya mama nakueleza kwa sababu aliniagiza kabla hajafa: nikishazikwa, waambie.

Basi nakuambia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Pombe ikikuzidi, usijifungie na aibu yako, tafuta wenzako wanaopigana nayo, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Ukianguka, rudi ukiwa hivyo hivyo. Na wewe unayemtafuta mlevi wa nyumbani kwako, usimtazame tu yule anayepepesuka. Mtazame na yule unayempigia vigelegele, na kabla hujampa kata, mwulize kama anaitaka.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na nyumba yako. Na siku utakapofika mlangoni miguu ikitetemeka, akujalie umkute mtu ndani wa kusogea, akupe nafasi.