Mliaji wa Ipogolo

Tusekile, jirani yangu hapa Ipogolo, analia kwa kazi. Filamu yoyote inayorekodiwa Iringa ikiwa na msiba, yeye huitwa. Kwao ni Tukuyu. Ndoa ilimleta huku, ndoa ikavunjika, akabaki na mwanawe Isaka na machozi ambayo akiyaita yanakuja. Mimi nauza parachichi kando ya barabara kuu, na nimewahi kumwona akilia huku ameshika kikombe cha chai. Akimaliza anafuta uso, anarudi kwenye chai yake.

Sasa niambie, siku ile mtu angejuaje?

Walikuwa wanarekodi nyuma ya gereji, nami nilikwenda kutazama. Dairekta Sosthenes akamwita kwenye chumba cha kubadilishia nguo, eti amwelekeze. Mara Tusekile akatoka mbio, gauni limechanika begani.

"Huyu amenishika!" akasema mbele ya watu wote. "Ananiambia nafasi kubwa nitapewa nikimkubali. Nimekataa, kanichania nguo."

Akalia. Watu wakapiga makofi! Mpiga picha akasema, "Safi sana, mama!" Sosthenes akatokea nyuma yake anatabasamu, akapiga makofi na yeye. Mikono yangu ilibaki hewani. Lile tabasamu sikulipenda, lakini kama ni igizo au si igizo, sikujua.

Jioni kipande kile cha video kilikuwa kwenye simu za mji mzima, watu wanacheka. Tusekile akajifungia ndani. Nilipogonga, alinijibu bila kufungua.

"Mama Evarista, nikilia wananisifu. Nisipolia watasema sijaumia. Nifanyeje ili niaminiwe?"

Nilimwachia parachichi mbili kizingitini, nikarudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi nikaona wanawake wanaingia uani kwake, wamejitanda khanga, wengine na kuni, wengine na unga. Wakatandika mikeka wakakaa kimya, kama tunavyokaa msibani. Niliacha parachichi zangu hapohapo nikakimbia.

"Nani amefariki?"

"Hakuna," akasema Apolonia, mkubwa wao.

Hakuna? Nikazitazama sura zile, nikazitambua: ni walewale wanaolia na Tusekile kwenye filamu. Nikazidi kuchanganyikiwa. Barabarani madereva wa malori walizima muziki. Fundi baiskeli akavua kofia, akaja kuuliza kaburi linachimbwa wapi.

Tusekile akafungua mlango. Alipoona mikeka, akashika fremu ya mlango.

"Ni mama? Kama ni mama niambieni tu."

"Mama yako mzima, dada," Apolonia akasema. "Tumekuja kukaa na wewe."

Kabla hajauliza wanakaa kwa nini, pikapu ikasimama getini, na juu yake jeneza. Mungu wangu! Tulisimama wote. Kisha akashuka Sosthenes. Jeneza lilikuwa la filamu. Siku ile alikuwa anarekodi mazishi, na waombolezaji wake wote walikuwa hapa.

"Jamani, msiba uko kule," akasema. "Kamera zinawasubiri nyie tu."

Apolonia akarudi kukaa mkekani, na wenzake wakakaa.

"Wetu uko hapa. Ulimshika mwenzetu, ukamchania nguo, halafu ukapiga makofi. Nenda kazike mwenyewe."

Sosthenes akacheka. Akageukia barabarani kutafuta wa kucheka naye. Madereva walikuwa wamemkodolea macho, na fundi baiskeli alikuwa ameshavaa kofia yake. Akasema ataita wengine, waliaji wamejaa hadi Makambako.

"Waite," Apolonia akasema. "Na wao tutawaambia."

Pikapu ikageuza, jeneza tupu likigongagonga nyuma. Roho yangu ilifurahi, sisemi uongo.

Tusekile alibaki mlangoni. Alitazama juu ya ukuta, akatazama nyuma ya mgomba, akatazama mpaka nyuma yangu.

"Kamera iko wapi?"

"Hakuna kamera," nikamwambia.

"Sasa hawa wanaigiza nini?"

"Hawaigizi, mama Isaka. Wamekuja kwako."

Akakaa chini palepale kizingitini. Akalia, na hakikuwa kilio kile ninachokijua. Kamasi zilimtoka, sauti ikawa inakwama kooni, hata kumtazama ilikuwa taabu. Apolonia akasogea, akamfunika khanga yake begani. Hakuna aliyepiga makofi.